Usiku wa Julai, Prosesa na Dirisha

Kama umewahi kulala Mabawe, wilayani Ngara, mwezi wa Julai, saa kumi ya alfajiri unaifahamu. Blanketi moja halitoshi, bati linagonga tik, tik kwa kusinyaa, na anayetaka kwenda msalani anajishauri kwanza. Saa hiyohiyo, chumba cha pili, kompyuta yangu ya mezani inakuwa katika hali nzuri kuliko siku nyingine zote za mwaka. Inatoa video ya harusi kwa kasi ambayo nikiijaribu mchana wa Februari, inazima.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye huku juu Ngara, au Biharamulo, au popote penye vilima na kipupwe, na una kompyuta ya mezani inayokuchelewesha. Utapandisha mapigo ya prosesa yake, jambo ambalo vijana wa kompyuta wanaliita ovakloki, kwa msaada wa baridi ambayo Mungu ametupa bure. Utaambiwa pia mahali ambapo baridi hiyo inadanganya.

Tuanze na maana yenyewe. Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Ikisemwa ni ya gigahezi 3.5, maana yake inapiga mara bilioni 3.5 kwa sekunde moja. Kiwanda huchagua kiwango ambacho prosesa yoyote ya aina hiyo itakimudu, iwe imefungwa Helsinki au Muscat, iwe ina feni nzuri au ya hovyo. Kwa hiyo prosesa nyingi zina akiba ndani yake. Mwaka 1998 Intel walitoa Celeron 300A, prosesa ya bei rahisi ya megahezi 300, na watu wakagundua kwamba nyingi kati yake zinakubali kupigishwa hadi megahezi 450 bila kinyongo. Tangu hapo mchezo huu haujaisha.

Ila akiba hiyo hailiwi bure. Mapigo yakipanda, prosesa inadai volti zaidi ili isikosee, na volti ndiyo mama wa joto. Joto halipandi sambamba na volti, linapanda kwa mraba wake. Fanya hesabu uone: ukitoka volti 1.20 kwenda 1.32 umeongeza sehemu moja ya kumi tu, lakini joto limeongezeka kwa asilimia 21. Sasa zidisha na mapigo yenyewe, tuseme yametoka gigahezi 3.6 kwenda 4.4, nyongeza ya asilimia 22. Utakuta prosesa iliyokuwa ikitoa wati 65 sasa inakaribia wati 96. Umepata robo ya kasi, tena robo isiyotimia, kwa bei ya karibu nusu nzima ya joto.

Ndipo baridi inapoingia. Baridi yenyewe haiongezi kasi hata chembe, na ukiweka kompyuta isiyoguswa ndani ya friji haitakimbia kama swala. Inachokupa ni nafasi ya kulitoa hilo joto la ziada. Prosesa nyingi za Intel za mezani hujilinda zikikaribia nyuzi 100, nyingi za AMD nyuzi 90 au 95: zinajipunguzia kasi zenyewe, na hali ikizidi zinazima. Kila nyuzi unayoishusha kwenye hewa ya chumba ni nyuzi umeiongeza chini ya dari hiyo.

Kwanza uliza mashine yako ni ya nani

Hapa nitawakatisha wengi tamaa mapema. Kompyuta nyingi za mezani zilizoko wilayani kwetu, kwenye steshenari, shuleni, kwenye ofisi za kata, ni mtumba wa ofisi za Ulaya: Dell OptiPlex, HP za aina hiyohiyo, Lenovo. Ni mashine imara, nazipenda, lakini zimefungwa. Kwenye bayosi yake, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows, hutakuta mahali pa kubadilisha mapigo hata ukikesha.

Za Intel zinazokubali ni hasa zile ambazo jina la prosesa linaishia na herufi K, na hata hizo zinataka mazabodi, yaani bodi kuu inayobeba prosesa, ya aina yake, kwa kawaida ya familia ya Z, kama Z170 au Z390. Kwa AMD Ryzen mambo ni mepesi zaidi, karibu zote zinakubali, ilimradi mazabodi isiwe ya daraja la chini kabisa la A. Yangu ni Core i5-6600K ya mwaka 2015, nimeinunua mtumba Dar es Salaam, ikasafiri juu ya mapaja yangu kwenye basi. Ina viini vinne, kiwanda kimeandika gigahezi 3.5, na vyote vinne vikifanya kazi pamoja inajisukuma hadi 3.6.

Kama yako imefungwa, usiuache mwongozo huu. Hata prosesa iliyofungwa ina kasi ya ziada ambayo inajipa yenyewe ikiona joto liko chini na umeme unatosha, ile inayoitwa tabo. Baridi na usafi vinaiwezesha ikae kwenye tabo muda mrefu. Nimeona OptiPlex ya steshenari moja ikifufuka kwa kusafishwa tu, mwenyewe akadhani nimembadilishia prosesa.

Laptopu nayo? Iinue kwa vifuniko vinne vya soda ili hewa ipite chini, isafishe feni, basi. Kupandisha mapigo ndani ya kasha jembamba vile ni kuitafutia laptopu kifo.

Siku ya kusafisha

Usiguse mpangilio wowote kabla hujafungua kasha. Hilo kasha ndilo watu wetu wanaliita sipiyu, ingawa sipiyu halisi ni kile kijiwe kidogo cha ndani, yaani prosesa. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma ili utoe umeme wa mwilini, kisha ondoa ubavu wa kasha.

Utakachokiona kinategemea unaishi wapi. Kompyuta ya mjini huwa na vumbi la kijivu linalopeperuka. Ya kwetu ina vumbi jekundu la barabara ya changarawe lililochanganyika na moshi wa kuni, na moshi una mafuta, kwa hiyo vumbi halipeperuki, linaganda kama kitambaa. Nilipofungua yangu kwa mara ya kwanza baada ya kiangazi kimoja, nilidhani mtu ameweka kipande cha blanketi kati ya feni na hitisinki, lile bonge la alumini lenye mapezi. Nilikitoa kwa ncha ya kisu kikatoka kizima, na alama za mapezi zimejichora juu yake. Hewa ilikuwa haipiti kabisa. Hakuna baridi ya Julai itakayosaidia hapo.

Puliza kwa bulowa ukiwa nje, si ndani, na shikilia feni kwa kidole isizunguke ovyo wakati unapuliza. Utando wa moshi usiotoka kwa upepo upigie brashi ya rangi ya inchi moja, mpya, iliyolowekwa kidogo kwenye spiriti. Kisha ondoa hitisinki. Pesti iliyo kati yake na prosesa ikiwa imekuwa kama chokaa, imekwisha. Futa pande zote mbili kwa spiriti hadi zing'ae, weka pesti mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, rudisha hitisinki na ukaze skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo, kama unavyokaza nati za tairi.

Angalia pia ndani ya pawasaplai kwa tochi, kupitia matundu, bila kuifungua, maana ndani yake kuna umeme unaokaa hata waya ukiwa umechomolewa. Ya rafiki yangu ilikuwa na mjusi amekauka kama karatasi. Alifuata joto, maskini. Pawasaplai ya namna hiyo, au isiyo na jina, au ile nyepesi mkononi kama kopo tupu, usiipandishie mapigo. Ikifa inaweza kufa na wenzake.

Nyuzi tano zilizopotea

Sasa pima. Pakua HWiNFO au Core Temp, zote zinaonyesha joto la kila kiini. Tafuta na kipimajoto cha chumba. Ichemshe prosesa kwa Cinebench au Prime95 kwa nusu saa na uandike namba mbili: joto la chumba na joto la juu la prosesa. Kilicho muhimu ni tofauti kati yake. Hiyo tofauti ndiyo tabia ya mashine yako, na huwa haibadiliki sana mashine ikiwa safi na kazi ikiwa ileile.

Nilipoinunua yangu Dar, chumba kilikuwa nyuzi 31, prosesa ikafika 80. Tofauti 49. Nikajipigia hesabu nikiwa kwenye basi: nikifika nyumbani, chumba usiku kiwe nyuzi 16, prosesa itakuwa 65. Nilifika, nikasafisha, nikapima usiku wa manane. Ikasoma 70.

Nilirudia mara tatu. Nilibadilisha pesti. Nilikaza skrubu upya. Ikawa 70 ileile.

Hizo nyuzi tano zimeliwa na mwinuko. Maharage huchelewa kuiva huku kuliko Tanga, kila mama wa huku anajua, na sababu ni kwamba kadiri unavyopanda mlima hewa inapungua uzito. Kwa mita kama 1,700, ambazo vilima vyetu vya juu vinazifikia, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya pwani na maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi. Feni ya kompyuta haijui mambo hayo. Inasukuma ujazo uleule wa hewa kwa dakika, lakini ndani ya ujazo huo kuna hewa kidogo ya kubeba joto. Ubaridi unarudisha sehemu ndogo, kwa kuwa hewa baridi ni nzito kuliko ya moto, ila hauimalizi hasara. Wanaojenga vyumba vya seva wanalijua hili: kanuni yao moja inayotumika sana hukata nyuzi moja ya joto linaloruhusiwa kwa kila mita 300 baada ya mita 900 za kwanza.

Kwa hiyo usichukue namba za kijana wa pwani, wala za mtu wa Ulaya anayefungua dirisha Januari, ukaziweka kwako. Kutoka nyuzi 80 hadi 70 bado ni faida kubwa. Lakini panga na hizo kumi ulizozipima, si kumi na tano ulizoziota njiani.

Baridi iko nje, kompyuta iko ndani

Kosa la pili, nalo ni langu pia, ni kufikiri kwamba usiku ukiwa wa nyuzi 15 basi na kompyuta inavuta hewa ya nyuzi 15. Kila wati inayoingia kwenye kompyuta hutoka kama joto, yote. Mashine inayokula wati 150 ni hita ndogo. Chumba cha mita tatu kwa tatu, dirisha limefungwa kwa kuogopa mbu na wezi, mlango umezibwa kwa kanga, kufikia saa saba usiku kimeshapanda nyuzi sita au saba. Jirani yangu, mama mtu mzima, aliingia siku moja kuchukua picha zake za pasipoti, akaweka mkono nyuma ya kasha.

"Mwanangu, hili sanduku lako lina moto. Nikuletee vifaranga?"

Nilicheka, lakini alikuwa ameliona tatizo kabla yangu.

Tiba ni kuipelekea kompyuta hewa ya nje moja kwa moja. Mimi nilitumia katoni mbili za sabuni. Nilikata ya kwanza ikae kwenye pembe ya chini ya dirisha, ya pili ikaunganishwa nayo kwa gundi ya karatasi hadi mbele ya kasha, mahali feni ya kuvutia ilipo. Njia iwe pana kuliko feni yenyewe, isiwe na kona kali, na ishuke kidogo kuelekea nje ili unyevu ukiingia utiririke huko. Nyuma ya kasha acha wazi, hewa ya moto itoke, na ufungue sehemu ya juu ya dirisha la upande mwingine au uache nafasi juu ya mlango ipate pa kukimbilia. Katoni hizo zilinipa nyuzi sita siku ya kwanza. Hakuna kifaa nilichowahi kununua kikanipa kiasi hicho.

Kwenye mdomo wa katoni funga stokingi ya kike iliyotandazwa vizuri. Inashika vumbi, inazuia mende na kumbikumbi, na hewa inapita. Chandarua peke yake kinazuia wadudu tu, vumbi linapita. Ifue kila wiki. Kipupwe chetu ndicho hichohicho kiangazi, yaani baridi inakuja pamoja na vumbi la barabarani na moshi wa nyasi zinazochomwa vilimani, na siku vilima vinapoungua ni afadhali uzibe katoni na ukubali joto.

Jambo lingine dogo: nyumba ya bati isiyo na dari hupoa haraka sana usiku usio na mawingu, kwa sababu bati linatupa joto lake angani wazi. Mchana ni kinyume, linakuwa kaango. Usiku wenye mawingu mazito hautakuwa na baridi ileile, hata mwezi ukiwa Julai. Baridi kali kuliko zote huja kati ya saa kumi na saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijatoka, na huo ndio muda wa kuipangia mashine kazi yake nzito.

Wewe mwenyewe vaa koti. Usiingize jiko la mkaa chumbani ukajifungia nalo ili kompyuta ipate baridi na wewe upate joto. Gesi ya mkaa haina harufu, inaua watu usingizini.

Kupandisha

Washa kompyuta na ubonyeze Delete au F2 uingie kwenye bayosi. Mapigo ya prosesa ni zao la namba mbili: msingi, ambao ni megahezi 100, na kizidisho. Kizidisho cha 36 ni gigahezi 3.6. Utabadilisha kizidisho tu, msingi uache ulivyo.

Kabla ya yote, volti ya prosesa usiiachie mazabodi ijichagulie. Zikiona kizidisho kimepanda, mazabodi nyingi hutupa volti nyingi kupita kiasi ili zijihakikishie usalama, na joto linapaa bila sababu. Andika namba mwenyewe. Kwa prosesa ya kizazi cha yangu, kuanzia 1.20 na kutovuka 1.35 ni mipaka ya mtu mwenye adabu. Ya vizazi vingine ina mipaka tofauti, tafuta ya kwako kabla hujaandika chochote.

Panda hatua moja. Kizidisho 40, hifadhi, washa Windows, chemsha dakika kumi, soma joto. Ikikaa, 41. Ikikaa, 42. Mahali fulani itaanza kukataa: skrini ya bluu, au inajiwasha upya, au inaganda. Hapo ongeza volti kidogo, 0.02, ujaribu tena. Endelea hivyo mpaka moja kati ya mambo mawili litokee: joto lifike nyuzi 80, ambayo ni dari yangu binafsi, au volti ifike mpaka wake. Ukifika, shuka hatua moja. Mimi niliishia 44 kwa volti 1.32. Vijana watakuambia wamefika 47. Waache.

Ukishapata namba unayoipenda, usisherehekee bado. Ijaribu usiku kucha kwa kazi yako halisi. Kosa baya si lile linalozima kompyuta, kwa maana hilo unaliona. Baya ni lile la kimyakimya. Mwaka wangu wa kwanza nilikimbiza mashine kwenye 45, haikuzima hata mara moja, nikampelekea bwana harusi video yake. Dakika ile ya kukata keki, kwa muda wa sekunde moja, uso wa bibi harusi uligeuka miraba ya kijani. Prosesa ilikosea hesabu moja tu kati ya mabilioni, ikachagua hiyo. Nilirudia kazi yote bure na nikashuka hadi 44 siku hiyohiyo.

Matokeo yenyewe, ili usije ukategemea miujiza: video iliyokuwa ikinichukua saa tatu na dakika ishirini sasa inachukua saa mbili na dakika arobaini na sita. Kwa msimu wa harusi, ukiwa na video tatu zinangoja, ni tofauti ya kulala na kutolala. Kwa anayeandika barua na kuchapa fomu haina maana yoyote, asijisumbue.

Sasa jambo ambalo wengi wanalisahau. Mpangilio uliopatikana saa kumi alfajiri ni wa saa kumi alfajiri. Saa nane mchana bati limewaka, chumba kina nyuzi 27, na mashine iliyokaa nyuzi 78 usiku inagonga 89. Bayosi nyingi za mazabodi za aina hii zinaruhusu kuhifadhi mipangilio kadhaa kwa majina. Weka miwili. Wangu mmoja unaitwa USIKU, kizidisho 44. Mwingine MCHANA, kizidisho 39 na volti ndogo. Kubadilisha ni dakika moja, wakati wa kupika chai.

Ukungu na umande

Watu huogopa kwamba hewa baridi ya dirishani italeta maji ndani ya kompyuta. Kinyume chake ndiyo kweli, kwa kiasi kikubwa. Umande hushika kitu kilicho baridi kuliko hewa inayokizunguka, na kompyuta inayofanya kazi daima ina joto kuliko hewa inayovuta. Ikiwa inawaka, haitokwi na jasho.

Hatari iko sehemu mbili. Kwanza ni ukungu wenyewe, ule wa asubuhi unaolala mabondeni kisha unapanda. Huo si mvuke, ni matone ya maji yanayoelea, na feni itayavuta kama ilivyo kazi yake. Ukiuona dirishani, ziba katoni. Pili ni kompyuta iliyozimwa. Ikilala imezimwa karibu na dirisha lililo wazi, chuma chote kinakuwa baridi, halafu asubuhi mnafunga dirisha, birika linachemka, watu wanaingia na pumzi zao, na hewa ya chumba inakuwa na joto na unyevu. Hapo chuma kinatoa jasho kama chupa ya soda. Ngoja nusu saa kabla ya kuwasha. Vivyo hivyo kwa mashine iliyosafirishwa usiku nyuma ya bodaboda.

Wenzetu walioko Minnesota au Uswidi, wanaosoma haya wakiwa na theluji nje, shida yao ni nyingine: hewa kavu inayozaa umeme wa mwilini, na grisi ya feni inayogandamana kwenye baridi kali mno. Lakini wazo ni lilelile, na si la vijana pekee. Facebook walifungua kituo kikubwa cha seva Luleå, kaskazini mwa Uswidi, mwaka 2013, kikipozwa kwa hewa ya nje. Wale wa rekodi wameshatoka kwenye hewa kabisa: mwaka 2011 prosesa ya AMD ilifikishwa gigahezi 8.429 kwa heliamu ya kimiminika, kitu kilicho karibu na nyuzi 269 chini ya sifuri. Rekodi hiyo imeshavunjwa, na hakuna video ya harusi iliyotolewa kwa mashine hizo.

Karibu na kwetu, mfano unaonivutia zaidi ni Luviro, mashariki mwa Kongo. Hifadhi ya Virunga, yenye mitambo yake ya umeme wa maji, ilianza mwaka 2020 kuchimba bitcoin kwa kompyuta zilizopangwa ndani ya makontena kando ya mtambo. Ni kompyuta zinazochemka mchana na usiku, vilimani. Sisi pia tuna Rusumo, wilayani humuhumu, megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Sisemi tuchimbe bitcoin. Nasema umeme na baridi vimekutana hapa.

Umeme wenyewe una bei yake. Mashine yangu kwenye USIKU inakula kama wati 45 zaidi. Kwa saa sita kila usiku, mwezi mzima, ni uniti 8 na ushei. Kwa walio kwenye daraja la matumizi madogo, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, kabla ya kodi na tozo, kwa hiyo ni kama shilingi 810. Lakini ukivuka hizo 75 kila uniti inakuwa 350, na ovakloki yako inagharimu zaidi ya shilingi 2,800. Angalia LUKU yako iko wapi kabla mwezi haujaisha. Na uwe na yupiesi, hata ndogo ya kukaa dakika tano. Prosesa iliyopandishwa haina uvumilivu, umeme ukiyumba kidogo ambapo mashine ya kawaida ingepita, yako inaanguka, na video iliyofika asilimia 90 inaanza upya.

Siku ikitokea umezidisha na skrini imekuwa nyeusi, feni zinazunguka lakini hakuna kitu, usikimbilie kwa fundi. Chomoa waya, tafuta kwenye mazabodi betri ya duara kama sarafu, itoe, subiri dakika kumi, irudishe. Mipangilio yote itafutika na kompyuta itaamka ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, na saa yake itakuwa imerudi nyuma miaka mingi. Betri hiyo ni CR2032, kama imechoka wauza saa wanayo.

Mvua za kwanza zikianza, Septemba kwa kawaida, usiku unapoteza makali yake na kumbikumbi wanaanza kuitafuta taa. Ondoa katoni, funga dirisha, rudisha kizidisho 39. Stokingi ifue uitunze.